Nimerudi kutoka India na moyo haujatulia: nimwambie nini mdogo wangu?

Binti wa Mvumi ameuliza:

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma na wengine wote mnaosoma hapa. Ninafanya kazi katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, na mwaka huu nilipata nafasi ya kwenda New Delhi kwa mafunzo ya muda mfupi chini ya ITEC, ule mpango wa serikali ya India ulioanza mwaka 1964 ambao umewanoa watumishi wengi wa nchi yetu. Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza India kukoje, nami ninabaki kimya. Nikisema nimeipenda, naona nimewageuka watu niliowakuta wakiteseka. Nikisema imeniumiza, naona nimewavunjia heshima watu walionipokea kwa mikono miwili. Ningeliacha jambo hili lipite, ila mdogo wangu wa kiume amepata chuo Pune na anaondoka mwezi Julai, na ananitegemea mimi nimweleze anakokwenda.

Niwape mfano mmoja. Dereva wetu alikuwa mzee wa Kikalasinga, mtu mpole, mwenye kilemba cha buluu kilichofungwa kwa uangalifu mkubwa. Kwenye taa za barabarani alikuja msichana mdogo amempakata mtoto mchanga, akawa anagonga kioo cha gari kwa sarafu. Nilipofungua pochi dereva akanikataza kwa sauti kali, akasema nikitoa hapo sitamsaidia yule mtoto bali wale wanaomtuma, kisha taa zikaruhusu na tukaondoka. Nilikaa na kinyongo naye siku nzima. Jumapili yake akatupeleka Bangla Sahib, nyumba kubwa ya ibada ya dini yake iliyopo katikati ya jiji. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukaketi sakafuni kwenye mistari mirefu pamoja na mamia ya watu, kwa maana kila anayeingia pale hulishwa bure bila kuulizwa dini wala ukoo wake, desturi iliyotokana na Guru Nanak, mwasisi wa dini hiyo, karibu miaka 500 iliyopita. Chapati hawakuwekei kwenye sahani. Unakinga viganja vyote viwili nao wanaishusha humo. Kushoto kwangu alikuwa mama mwenye sari iliyochanika pindo na watoto wasio na viatu vya kuacha mlangoni, kulia kwangu bwana aliyevaa saa ambayo nadhani ni mshahara wangu wa miezi kadhaa, na wote tulikula dengu zilizotoka chungu kimoja. Tulipotoka nikamwona dereva wetu amekunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, anasugua masinia katikati ya kundi la watu wasiofahamiana. Akaniambia huja kila Jumapili. Mpaka leo sijui nimuweke wapi mzee yule moyoni mwangu.

Agra nako kulinichanganya vivyo hivyo. Kazi yangu inahusu afya ya uzazi, kwa hiyo siwezi kuitazama Taj Mahal kama wenzangu walivyoitazama. Malkia Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wake wa 14, na mumewe, Shah Jahan, aliyekuwa mmoja wa wafalme matajiri kuliko wote duniani wakati huo, akamjengea kaburi la marumaru nyeupe kutoka Makrana ambalo sijawahi kuona kitu cha kulifikia kwa uzuri. Nililiona alfajiri likiwa na rangi ya maziwa, na jua lilipopanda likawa jeupe la kuumiza macho. Nilifurahi kama mtoto, na papo hapo nilikuwa nawahesabu akina mama waliokufa hivyo hivyo mwaka ule ule, ambao hakuna anayejua hata walipozikwa. Nje ya lango familia moja iliomba kupiga picha nami, bibi akanipakatisha mjukuu wake bila wasiwasi wowote, na huku nikimbembeleza yule mtoto, kijana mmoja akaja kwa nyuma akazishika nywele zangu, akazivuta kidogo kuona kama ni za kweli, akacheka na wenzake. Upendo ule na dharau ile vilinifikia ndani ya dakika moja.

Ninaomba waliowahi kukaa kule wanieleze: mgeni afanye nini na hisia zinazopingana namna hii? Je, nimuonye mdogo wangu au nimuache ajionee mwenyewe?

Mwana wa Kondoa amejibu:

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja. Nilisoma Bengaluru na nilikuwepo mwaka 2016, mwaka ambao Mtanzania yeyote aliyesoma kule hawezi kuusahau. Mwishoni mwa Januari gari lililoendeshwa na mwanafunzi wa Sudan lilimgonga mwanamke na kumuua, kisha kundi la watu wenye hasira likamvamia mwanafunzi wa kike Mtanzania aliyepita eneo lile baadaye na ambaye hakuhusika kabisa na ajali hiyo. Kosa lake lilikuwa rangi ya ngozi yake. Sushma Swaraj, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa India, alisema hadharani kwamba tukio lile limewaumiza na ni la aibu, akataka wahusika waadhibiwe vikali, na polisi waliwakamata watu kadhaa. Hata hivyo sisi tulikaa ndani kwa siku nyingi, na wazazi wetu huku nyumbani hawakulala.

Sasa sikiliza upande wa pili. Katikati ya mwezi ule ule wa Januari watu wa Karnataka, jimbo ambalo Bengaluru ni mji wake mkuu, husherehekea sikukuu ya Sankranti, na siku hiyo hugawiana ufuta, karanga, nazi kavu na sukari guru vilivyochanganywa pamoja, pamoja na vipande vya miwa. Mama wa nyumba ya jirani, ambaye hatukuwa na lugha ya kuongea naye zaidi ya ishara, alituletea sahani iliyojaa, na mimi mtoto wa Kondoa nikala ufuta na karanga nikajiona nipo nyumbani. Wiki zile za hofu zilipofika, ni yeye aliyemkataza mwanawe asituache tutoke usiku, akawa anatununulia maziwa na mkate na kutuletea mlangoni. Siku moja alisimama barazani akawafokea vijana waliotuzomea mpaka wakaondoka. Kwa hiyo mtu akiniambia Wahindi ni wabaguzi, namkumbuka mama yule na ninakataa, na mtu akiniambia ubaguzi ni maneno ya wanafunzi wavivu, ninakumbuka vyumba vyote ambavyo kwa simu vilikuwa wazi na nilipofika mlangoni vikawa vimeshapangishwa.

Kuna jambo jingine lililonifungua macho kuliko yote. Katika misitu ya kaskazini ya jimbo lile, pande za Yellapur na Haliyal, wanaishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika ambao mababu zao walipelekwa India karne nyingi zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa wa Wareno na wa wafanyabiashara Waarabu. Wanazungumza Kikannada na Kikonkani, wapo Wahindu, Waislamu na Wakristo, na tangu mwaka 2003 serikali inawatambua katika jimbo hilo miongoni mwa makabila yanayostahili ulinzi maalumu. Nilipowatembelea, mzee mmoja aliniambia kwamba hata leo akipanda basi kwenda mjini huulizwa ametoka nchi gani. Nilikuwa nikijifariji kwamba tunakodolewa macho kwa sababu ya ugeni wetu, na yeye ambaye nchi ile ni yake kuliko majengo mengi ya jiji anakodolewa macho hayo hayo. Nikarudi nikiwa na uchungu zaidi, lakini ulikuwa uchungu wenye akili. Tena nilikumbuka wenye maduka wa Kihindi hapa Dodoma, ambao babu zao walizaliwa na kuzikwa hapa hapa, nasi bado tunawauliza watarudi kwao lini.

Mdogo wako muonye, na umuonye kwa mambo yanayoshikika. Asilipe kodi ya chumba kabla hajafika na kukiona kwa macho. Ajiandikishe ofisi ya uhamiaji ya kule ndani ya siku 14 baada ya kuingia, maana viza ya masomo ya muda mrefu inadai hivyo na kuchelewa kuna usumbufu. Namba ya dharura ni 112. Asitembee peke yake usiku wa kwanza wa tukio lolote linalomhusu Mwafrika, hata kama ametoka nchi nyingine na hata kama limetokea upande mwingine wa mji.

Mama wa Majengo sokoni amejibu:

Mimi naenda Gujarat kufuata kanga na vitenge, kwa hiyo sina maneno mengi. Mwenye ghala mmoja kule alibishana nami asubuhi nzima kwa tofauti ndogo mno ya bei kwa kila kipande, akakataa kushuka hata kidogo, nikaondoka nikiwa nimekasirika kweli. Sikufika mbali. Akatuma kijana anirudishe, si kwa ajili ya bei, bali kwa sababu ilikuwa saa ya chakula na haikumpendeza mgeni aondoke dukani kwake na njaa. Mkewe alinipakulia mboga za aina ambazo sikuzijua hata jina, akawa ananiongeza kila nilipofika nusu ya sahani, na baada ya kunawa tukarudi kwenye bei ile ile na hakushuka. Nyama sikuionja mpaka nilipofika Mumbai. Mwambie mdogo wako wakimkatalia bei asidhani wamemkataa yeye.

Mzee wa Hombolo amejibu:

Binti yangu, nimesoma maneno yako mara mbili. Ninyi mlikwenda kwa kozi, kwa masomo na kwa biashara. Wengi wetu tulikwenda kwa sababu hatukuwa na njia nyingine, na nadhani sauti yetu nayo inafaa isikike hapa.

Nilimpeleka mke wangu Chennai kwa matibabu ya moyo. Viza yake iliandikwa ya mgonjwa na yangu ya msindikizaji, na neno hilo ndilo lililokuwa cheo changu kwa kipindi chote, maana msindikizaji hana la kufanya isipokuwa kusubiri, kulipa na kutafsiri habari mbaya kuwa nafuu kwa simu za nyumbani. Wauguzi, wengi wao mabinti kutoka Kerala, walimgeuza kitandani na kumwogesha kwa upole ambao sijauona kwingine, mmoja akajifunza kusema "pole mama" na kila akiingia zamu alilisema kabla ya jambo lolote. Daktari wa upasuaji alinichorea moyo kwenye karatasi, akanionyesha mahali pa kushona, akasubiri mpaka nikaelewa. Ningewaambia nini watu hao zaidi ya asante ya maisha yote? Na hapo hapo, kwenye dirisha la malipo, hakuna kipimo kilichofanyika kabla fedha haijaingia, na jioni moja niliposhuka kutafuta chakula nilipita nje ya hospitali ya umma nikawakuta wenyeji, watu wa vijijini kwa jinsi walivyovaa, wamelala kwenye mikeka kando ya ukuta wakisubiri zamu ya mgonjwa wao. Mimi mkulima wa zabibu wa Hombolo, niliyeuza shamba na kuchangiwa na ukoo mzima, nilikuwa tajiri kuliko wao mbele ya mlango wa daktari, katika nchi yao wenyewe. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuona haya kwa sababu mgonjwa wake anapona.

Mke wangu alipopata nguvu za kutembea aliomba aione bahari, tukaenda Marina jioni. Tulinunua dengu zilizochemshwa na kukaangwa na nazi, zimefungwa kwenye gazeti, tukakaa mchangani miongoni mwa maelfu ya watu waliokuja na watoto wao, na hakuna aliyetutazama. Alikula zote akaomba nyingine. Tuliishi nyumba ya kupanga karibu na hospitali, na chumba cha pili alikuwepo kijana wa Mwanza aliyemleta baba yake. Yeye alirudi na jeneza, na wauguzi wale wale wapole ndio waliomhudumia. Kijana yule akikuelezea India atakuelezea nchi nyingine kabisa, na hatakuwa amesema uongo.

Ninafurahi kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa kwetu ilianza kupandikiza figo mwaka 2018 na kwamba wagonjwa wa moyo wanatibiwa Dar es Salaam, ili mtu wa Dodoma akiiona India aione kwa kupenda.

Mwalimu wa Mpwapwa amejibu:

Dada Binti wa Mvumi, umeandika vizuri, ila kuna jambo nitalisema wazi. Unaeleza hasira yako juu ya yule msichana wa kwenye taa kana kwamba wewe ndiye wa kwanza kukasirika. Sisi Wagogo tunajua vizuri kutazamwa kwa jicho la namna hiyo. Mtu wa Dar es Salaam akisikia Dodoma huona bakuli la ombaomba, na hajui habari za Mtunya, ile njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, iliyowamaliza wazee wetu baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Huruma ya mtu asiyejua sababu humshusha anayehurumiwa. Ndiyo maana ninaona mgeni akiumizwa na umaskini wa India, kazi yake ya kwanza ni kuuliza ni nani aliyekasirika kabla yake na alifanya nini.

Nao wapo, tena wakubwa. Bhimrao Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 katika tabaka lililohesabiwa kuwa najisi. Mwezi Machi 1927, katika mji wa Mahad, aliwaongoza maelfu ya watu wa tabaka lake kwenda kunywa maji ya bwawa la umma ambalo walikuwa wamezuiliwa kwa vizazi, na baada ya uhuru akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, ambayo ibara yake ya 17 ilifuta desturi ya kuwahesabu watu kuwa najisi. Sheria haijaimaliza desturi hiyo, na wajukuu wa wale wa Mahad wanaendelea kupambana mahakamani, vyuoni na mitaani. Mdogo wako anakwenda Pune, katika jimbo la Maharashtra ambako Mahad nako kupo, na ni Pune ambako mwaka 1848 Jyotirao Phule na mkewe Savitribai walifungua shule ya wasichana, wakati wenye heshima mjini walimrushia mama huyo matope na kinyesi cha ng'ombe alipokuwa akienda kufundisha. Kijana akiyajua hayo kabla ya kupanda ndege, hatawatazama maskini wa kule kama picha ya kumhuzunisha. Amwone pia Malik Ambar katika historia ya upande ule ule, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani na kuishia kuwa mtawala halisi wa dola ya Ahmadnagar mpaka alipofariki mwaka 1626. Itamsaidia siku atakapoulizwa Mwafrika anatafuta nini huku.

Binti wa Mvumi amejibu:

Shikamoo Mzee wangu wa Hombolo, shikamoo Mwalimu, na ninyi wengine asanteni sana.

Mwalimu, habari za Mahad na za mama Savitribai sikuzijua, na nimeshazituma kwa mdogo wangu. Ila sikubaliani nawe kwamba hasira ya mgeni ingoje kwanza asome. Yule mtoto alikuwa anagonga kioo changu, si cha mtu aliyesoma, na ningekuwa mtu wa ajabu kama nisingetikisika papo hapo. Bakuli ninalijua, nimelisikia likitajwa mbele yangu ofisini mara nyingi, na pengine ndiyo sababu mkono ulikwenda kwenye pochi kabla ya akili. Ninachokubali ni kwamba kutikisika hakunipi haki ya kumhukumu dereva aliyekuwa na jibu lake la kila Jumapili, jibu ambalo mimi sina hapa Dodoma, ingawa ombaomba wapo nje ya benki ninayochukulia mshahara.

Mzee, nimemsomea mama yangu maneno yako kuhusu kuona haya mgonjwa anapopona, akanyamaza, kisha akaniambia nikuulize kama mkeo hajambo. Tafadhali mpe salamu zetu.

Mdogo wangu nitampa maneno yenu yote kama yalivyo, pamoja na ya Mama wa Majengo kuhusu bei, na nitamwambia habari za Agra zote mbili, ya bibi aliyenipakatisha mjukuu na ya kijana aliyenivuta nywele, bila kuipunguza mojawapo ili nyingine ipendeze. Mwana wa Kondoa, kama bado unafahamiana na Watanzania wanaosoma Pune, naomba uniandikie kwa faragha. Tunatafuta mtu wa kukaa naye wiki za mwanzo ili akione chumba kabla ya kukilipia.